Kumi na Wawili Kwenda, Kumi na Mmoja Kurudi

Najua mmenisema wiki nzima. Nilimwacha Refnita mbele ya kompyuta, kidole hewani, macho kwenye jina la kumi na mbili, nikaenda zangu. Haya, nimerudi. Na yeye bado yuko pale pale, katika ofisi ya tiketi za ndege ya bosi wake, Pak Dasril, mjini Padang, saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Jina la kumi na mbili lilikuwa la Zalfa. Mwanawe wa pekee, wa miaka saba.

Refnita alilisoma mara ya pili, kisha akaangalia tarehe ya kuzaliwa. Ilikuwa ile ile aliyomzaa Zalfa, siku ya mvua, akiwa peke yake hospitalini.

Kundi lenyewe lilikuwa la watu wa harusi, Padang kwenda Kuala Lumpur, saa saba na dakika tano mchana. Yeye mwenyewe ndiye aliyewashikia viti wiki tatu nyuma. Kundi hushikiwa viti kwanza, majina huja baadaye, maana kwetu wajomba na mashangazi hubishana mpaka siku ya mwisho nani aende na nani abaki na kuku. Pak Dasril alimpa kikaratasi kisicho na jina hata moja: kumi na wawili kwenda, kumi na mmoja kurudi. Refnita akacheka. Akamwambia Ike, mwenzake wa meza ya pili, "Hawa wanaenda kumwozesha mmoja wao huko huko." Wakacheka wote wawili, na Refnita akaandika alivyoambiwa.

Sasa alikuwa anamwona huyo mmoja. Kumi na mmoja wana tiketi za kwenda na kurudi. Zalfa ana ya kwenda tu.

"Ike," aliita. Sauti ilitoka ndogo. "Njoo usome hapa. Nisomee wewe."

Ike alisogea, akasoma, akarudia kusoma kidole kikiwa juu ya kioo.

"Uni Ref," alisema mwishowe, kwa heshima ya dada mkubwa. "Zalfa si yuko Pariaman kwa bibi yake?"

"Yuko Pariaman. Shule imefungwa. Amak Ros aliomba akae naye siku tatu, nikamruhusu. Ningemnyimaje? Ni mama wa baba yake."

"Basi huyo bibi anamvusha."

Refnita hakuhitaji kuambiwa anavushwa kwenda kwa nani. Hendrizal, mume aliyemwacha, yuko Johor, nchi ile ile ya Kuala Lumpur, mwaka wa nne sasa, ana mke mwingine. Miaka yote hiyo hakutuma hata peremende, kisha mwezi uliopita akapiga simu akiongea kwa upole wa kutisha. "Mtoto ni wangu. Siku akivuka kuja huku, Refnita, andika maumivu. Hutamwona tena." Tangu siku hiyo Refnita analala na Zalfa kitanda kimoja, mkono wake juu ya mtoto.

Alisimama, akaingia ofisini kwa Pak Dasril bila kugonga.

Pak Dasril alikuwa anakoroga chai yake ya kiini cha yai. Ni mtu wa tumbo na tabasamu, na mgeni akimwona anaweza kudhani hana jambo duniani.

"Pak, kwenye kundi la harusi kuna mtoto wangu."

"Najua."

"Unajua?"

"Kaa kwanza."

"Sikai. Nani kamwandikisha? Pasi yake ya kusafiria iko kabatini kwa mama yangu."

Pak Dasril alifungua mtoto wa meza, akatoa karatasi, akaisukuma kwake taratibu. "Pasi kaileta kaka yako. Na ruhusa ya mtoto kusafiri hii hapa, kasaini yeye. Mjomba mtu. Sasa mimi nikatae kwa sababu gani?"

Refnita aliiona saini ya Syafnil, kaka yake mkubwa, na ile mikia yake mirefu. Alikuwa amejiandaa kupigana na Hendrizal na hata na mama mkwe, lakini Uda Syafnil, kama amwitavyo kaka yake, ndiye aliyempeleka shule, ndiye aliyesimama mbele ya ukoo siku alipoachika akasema, mdogo wangu na mwanawe wako chini yangu.

"Mama ni mimi," alisema. "Hakuniuliza."

"Refnita, tusidanganyane. Hapa kwetu mjomba akishasema, nani anaenda kuuliza tena? Hata wale wa uhamiaji, dirishani uwanja wa ndege, wataona saini ya mjomba, watagonga muhuri."

"Mfute."

"Siwezi. Ni kundi la watu wa kijijini kwa mke wangu. Nitalala wapi?"

"Nakuomba, Pak. Mtenge mtoto kwenye kundi, umfute yeye tu. Wengine waende zao. Neno la siri unalo wewe peke yako."

"Nimesema siwezi."

Refnita akatoka nje ya mlango, akampigia kaka yake. Simu iliita mara moja tu ikapokelewa, kama mtu aliyekuwa ameishika mkononi anasubiri.

"Uda, umefanya nini?"

"Umeshaona, eh?" Syafnil hakuonekana kushtuka. "Afadhali. Sikupenda nikuambie mimi."

"Umemuuza mwanangu."

"Chunga mdomo. Nani kauza? Mtoto atasoma shule nzuri, atakaa kwenye nyumba ya ghorofa. Wewe unashinda hapo unakatia watu tiketi, mtoto analelewa na televisheni. Mimi ni mjomba wake, nina sauti."

"Una sauti, huna tumbo lililomzaa."

"Ndo maneno yako hayo siku zote."

"Uda, Hendrizal kaniapia sitamwona tena. Nilikuambia. Nililia mbele yako."

Refnita alisikia pumzi za kaka yake, akadhani labda ameguswa.

"Kama unaona sina haki," Syafnil alisema, "nenda uwanjani kamchukue. Ndege ya saa saba. Mimi sikuzuii."

Akakata.

Ndugu msomaji, nawe umesikia alivyokata. Mtu aliyepanga jambo wiki tatu hamwelekezi mpinzani wake mahali pa kwenda kuliharibu. Lakini Refnita alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hushika la kwanza analopewa.

Alirudi ndani kumwangukia Pak Dasril miguuni ikibidi. Akamkuta naye anamaliza simu, uso ameuelekeza dirishani. Pak Dasril aliweka simu mezani kifudifudi, akageuka, na lile tabasamu lilikuwa limerudi mahali pake.

"Haya, binti yangu. Nimefikiria."

"Umefikiria nini?"

"Mimi nami ni baba. Lete kiti. Tumtoe mtoto."

Refnita nusura ambusu mikono. Aliketi kando yake akatazama vidole vinene vikiandika neno la siri. Kundi likafunguka. Jina la kumi na mbili likatengwa na wenzake, likapewa namba yake ya safari, peke yake kama mtoto aliyetolewa nje ya darasa. Kisha Pak Dasril akabonyeza, na tiketi ya Zalfa ikafutika.

Kumi na mmoja kwenda. Kumi na mmoja kurudi.

"Umeridhika?" aliuliza Pak Dasril.

"Mungu akulipe, Pak."

"Sasa usikimbie kama mwehu. Kunywa maji. Bila tiketi hapandi mtu. Subiri wakwame pale kaunta, watakurudishia wenyewe."

Refnita akanywa maji. Akajifuta uso kwa pembe ya mtandio. Akakaa hata dakika kumi, eti anatuliza moyo, na mimi ninayesimulia natamani ningekuwepo nimwinue kwa kola.

Ni Ike aliyemwinua. "Uni, nenda. Tiketi wanaweza kukata nyingine pale pale uwanjani. Kundi lina pasi yake mkononi. Unangoja nini?"

Saa tano kasoro dakika tano Refnita alikuwa nyuma ya pikipiki ya kukodi, amemshika dereva kiunoni bila aibu. Barabara ya uwanjani ilikuwa imejaa malori. Kila lori walilolipita alihesabu, akidhani akifika mia Mungu atamwonea huruma. Alipiga simu ya Amak Ros mara sita. Haikupokelewa.

Alifika saa sita kasoro dakika kumi.

Hakupata tabu kuwaona. Kundi la harusi halijifichi. Walikuwa mbele ya kaunta za nje ya nchi, wamevaa batiki za rangi moja, wamezungukwa na maboksi ya nyama ya rendang yaliyofungwa kwa gundi ya karatasi mpaka hayana sura. Mmoja alikuwa anabishana na binti wa kaunta kuhusu uzito. Na katikati yao, juu ya boksi, alikaa Amak Ros, bibi wa Zalfa, mkoba mapajani.

Refnita aliwahesabu. Kumi na mmoja.

Akahesabu tena, akaangalia nyuma ya maboksi, akaangalia chini ya viti kama mtoto wake angekuwa anacheza kujificha.

"Yuko wapi Zalfa?"

Amak Ros alimtazama juu mpaka chini. "Hilo nakuuliza wewe. Tunakungoja tangu saa tano. Tumeshindwa kukabidhi mizigo kwa ajili yenu."

"Mnaningoja mimi?"

"Si ulitaka kumuaga? Kaka yako kaja Pariaman saa tatu asubuhi. Kasema umeshajua, umekubali, ila unataka ukae na mtoto kidogo, umpeleke akale barafu, kisha utamleta mwenyewe hapa. Nikampa mtoto na pasi yake. Mjomba wake, ningemkatalia?"

Refnita alisikia neno moja moja, kila moja likichelewa kufika. Saa tatu. Alipokuwa anaongea na Syafnil kwenye simu, saa nne na nusu, mtoto alikuwa tayari mikononi mwake.

"Amak, mimi sikumtuma mtu."

"Usinitanie."

"Nimejua saa nne. Nimeona jina lake kwenye kompyuta. Sijamwona Zalfa tangu nilipomleta kwako."

Yule mwanamke mzee alinyanyuka kwenye boksi. Alikuwa mrefu kuliko Refnita, na miaka yote ya ndoa Refnita alimwogopa kwa urefu ule. Leo midomo yake ilikuwa inatetemeka.

"Sikiliza," alisema kwa sauti ya chini ili wale wengine wasisikie. "Mimi nilitaka akae na baba yake. Sikatai. Nilijua utanichukia mpaka kaburini, nikasema potelea mbali. Lakini nilitaka nimpeleke mimi, kwa mkono wangu, nikae naye mwezi mzima nione mke wa mwanangu anamlisha nini. Sikupanga apotee njiani."

"Mwezi? Wewe una tiketi ya kurudi baada ya siku nne."

"Siku nne?" Amak Ros alifungua mkoba, akatoa karatasi yake, akaisogeza mbali na macho kama wasomavyo wazee. "Mimi nimemwambia Dasril, wawili wabaki. Mimi na mtoto. Kumi kurudi."

Wakatazamana. Refnita alikikumbuka kile kikaratasi cha Pak Dasril, na kicheko chake mwenyewe. Kumbe hata huyu bibi alikuwa amepigwa chenga.

Alimpigia Syafnil. Imezimwa. Akapiga tena kama vile simu iliyozimwa huona haya. Imezimwa.

Hapo simu yake ikaita. Ilikuwa ni Ike, na alikuwa ananong'ona.

"Uni, umempata?"

"Hayupo, Ike. Hayuko na kundi. Uda kamchukua asubuhi."

"Basi nisikilize, usinikatize. Pak Dasril katoka, kaenda kuswali. Nimeingia kwenye kompyuta yake, hakuifunga. Kuna tiketi nyingine. Kaikata mwenyewe leo saa mbili asubuhi, kabla wewe hujafika kazini."

"Ya nani?"

"Ya watu wawili. Mtoto, ndio Zalfa. Na mtu mzima mmoja. Haiendi Kuala Lumpur, inaenda Batam. Ya ndani ya nchi, Uni, haitaki pasi wala barua ya mjomba. Ndo maana wamekuachia uifute ile nyingine. Walitaka uhangaike na ile."

Kutoka Batam, kisiwa cha mpakani, boti inaingia Johor muda wa kunywa vikombe viwili vya chai. Hakuna mtu wa kwetu asiyejua hilo. Refnita aliona gati, akamwona Hendrizal amesimama ng'ambo, mikono mfukoni.

"Saa ngapi, Ike?"

"Saa sita na robo."

Ukutani saa ilisema sita na dakika mbili.

"Huyo mtu mzima ni nani? Ni Uda?"

Refnita alisikia Ike akibofya kitufe tena.

"Ike, ni nani?"

"Ni wewe, Uni. Limeandikwa jina lako. Tarehe yako ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho chako. Na hapa inaonyesha mmeshapita kaunta."

Refnita alikimbia. Kiatu kimoja kilibaki mbele ya maboksi ya rendang, na hakugeuka kukitazama. Nyuma yake alimsikia Amak Ros akiwaambia watu wake, harusi isubiri, kisha vishindo vya yule mzee vikimfuata. Walikata ukumbi mzima mpaka upande wa safari za ndani, mmoja na kiatu kimoja, mwingine ameshika batiki yake magotini.

Mlangoni alisimama askari wa usalama, kijana mnene mwenye uso wa upole.

"Tiketi na kitambulisho, mama."

"Sina tiketi. Kuna mtoto ndani, ndege ya Batam. Ameibiwa. Mwanangu. Tafadhali, zuia ndege."

"Taratibu, mama. Mtoto anaitwa nani?"

"Zalfa. Miaka saba. Ana kovu dogo hapa, kidevuni."

Uso wa askari ukabadilika. "Huyo nimempitisha mimi. Lakini hakuibiwa. Yuko na mama yake."

"Mama yake ni mimi."

"Mama yake anaitwa Refnita. Nimeshika kitambulisho chake kwa mkono huu, nikaangalia picha, nikamwangalia yeye."

"Refnita ni mimi."

"Basi nipe kitambulisho chako, tuondoe ubishi."

Refnita alifungua mkoba. Alipapasa mfuko wa ndani, mahali kinapokaa kila siku ya Mungu. Akamwaga vitu vyote sakafuni, funguo, kitana, dawa za mafua za Zalfa. Akapiga magoti akavitawanya kwa viganja. Hakikuwemo.

"Mwanangu," Amak Ros alimwambia askari, akihema, "mimi ni bibi wa huyo mtoto. Huyu mwanamke simpendi, na yeye hanipendi. Lakini nakuapia ndiye aliyemzaa."

Askari aliwatazama wote wawili, kisha akachukua redio yake. Aliongea na mtu wa mlango wa ndege, akasikiliza, akashusha redio.

"Wameshapanda. Mlango unafungwa."

"Mwambie mkubwa wako."

"Namwita, mama. Namwita sasa hivi." Alibonyeza tena, na alipokuwa anasubiri ajibiwe akamtazama Refnita kwa makini zaidi, macho, pua, paji la uso. "Ajabu ni kwamba mnafanana. Ukiniambia ni mtu na pacha wake, nakubali."

Refnita aliacha kupapasa.

"Mtoto alikuwa analia?" aliuliza.

"Hata. Alikuwa anacheka. Kashika mkono wake, anaruka ruka, anamwita mama."

Zalfa huwaita mama watu wawili tu duniani. Mmoja alikuwa amepiga magoti pale sakafuni na kiatu kimoja. Wa pili ni Yelmi, mama yake mdogo, anayelala chumba cha pili katika nyumba ile ile, ambaye asubuhi hiyo alimpigia Refnita pasi mtandio wake, akampangia mkoba, na kumsindikiza mpaka kizingitini akimwambia dada, kazi njema.